Nyumba ikishaisha ndo gharama zinaanza, tuambiane ukweli hela inaliwa wapi

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu sana, leo nimeamua niuandike wote hata kama utakuwa mrefu. Kila siku watu wanajadili kiwanja, tofali ngapi, bati geji gani, fundi wa kupaua anachukua shingapi, halafu mtu akishahamia mjadala unaishia hapo, pongezi nyingi, basi. Sijaona mtu anarudi baada ya miaka 7 kusema jamani tangu nihamie nimetoa kiasi hiki na hiki kuitunza hii nyumba, na sikuwahi kukiweka kwenye hesabu.

Naanza na yangu. Mwaka wa 3 tangu tuhamie niliona doa kwenye dari la chumba cha watoto, ukubwa wa kiganja, rangi kama maji ya kutu. Nikaita mtu wa rangi akapiga nyeupe juu yake, likapotea. Mvua zilizofuata likarudi, safari hii limekuwa mduara ndani ya mduara, na mimi sikujua kwamba kila mduara ule ni mara moja ya kulowa na kukauka, yaani lile doa lilikuwa linaniandikia historia yake na mimi naifuta kwa rangi. Nikapiga tena rangi. Mwaka wa 6 usiku mmoja dari likabonyea katikati, asubuhi kipande kimeshuka.

Fundi alipopanda akaniambia na wewe panda uone kwa macho yako. Akanionyesha msumari mmoja wa bati, kile kimpira chake kimepigwa na jua mpaka kimekauka na kupasuka, maji yanaingia pale, yanatambaa na papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yanakuja kudondokea kama mita mbili mbele, ndo maana doa halikuwa usawa wa tundu na ndo maana mi nilipochungulia kwa nje sikuona kitu. Akachukua bisbisi akaisukuma kwenye ubao kwa nguvu ya kidole tu, ikazama mpaka mpini. Ile sauti yake, kama unachoma sponji mbichi, sijaisahau. Kenchi 2, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimeoza, papi 4, jipsamu ya chumba kizima, waya wa taa uliokuwa unapita pale ganda limeshakwisha, lipu ya ukuta imevimba, na rangi. Misumari yote ya paa zima ningeibadilisha mwaka ule wa 3 nisingefika hata sehemu ya ishirini ya hela niliyotoa.

Sasa kilichoniuma zaidi ya ile hela ni kwamba sikuwa nayo. Nilikopa. Nina nyumba yangu mwenyewe halafu nakopa ili isiniangukie.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuuliza na kusoma. Watu wa majengo wana kadirio la kuanzia, kwamba kila mwaka utenge kama asilimia 1 ya thamani ya jengo kwa ajili ya matengenezo, na nyumba ikiwa ya zamani au iko karibu na bahari au sehemu yenye unyevu mwingi utenge zaidi, 2 hata 3. Nasema thamani ya jengo maana kiwanja hakiozi. Shida ya hili kadirio ni kwamba linakudanganya miaka ya mwanzo, unakaa miaka 4 hutoi kitu unaona hawa wanatia chumvi, halafu mwaka mmoja pampu inakufa, rangi ya nje imekwisha na tangi limepasuka, na deni la miaka yote linakuja siku moja.

Kwa hiyo mi nafanya hivi. Nina daftari, nimeandika kila kitu ndani ya nyumba ambacho kina siku ya kufa. Pampu, hita ya maji, tangi, rangi ya nje, vitasa, koki, milango ya nje inayopigwa na jua, bati lenyewe. Kila kimoja bei yake ya leo na miaka ninayotegemea kitadumu. Pampu kama naamini itaishi miaka 8, hiyo ni miezi 96, nagawanya bei kwa 96 napata cha kuweka kila mwezi. Najumlisha vyote. Ile namba ilivyotoka mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, lakini ndo ukweli wake, na sasa inatoka kwenye mshahara kabla sijagusa kitu kingine, inaenda akaunti ambayo haina kadi.

Karibuni tuongee. Nawaomba walio na nyumba waseme yao bila aibu.

mpangaji_bado

Mkuu ahsante kwa huu uzi ila umenitia hofu kweli. Mi ni dada ninayepanga mwaka wa 9 huu, mwakani nilikuwa nimepanga nichukue mkopo nikanunue nyumba iliyokwisha, nimepiga hesabu rejesho linakaribia kulingana na kodi ninayolipa sasa, nikasema bora nilipe changu kuliko kumlipa mwenye nyumba. Kwa hiyo hesabu yangu ina kasoro au nisonge mbele?

kona_ya_dari

Mleta uzi hilo doa ulilolieleza mi ninalo. Korido ya kwenda jikoni. Mwaka wa pili sasa. Nimesoma hapa mwili umesisimka.

riba_na_salio

Dada mpangaji_bado, wazo lako si baya, ila linganisha vitu vinavyolingana. Kodi unayolipa sasa ndani yake kuna bati la mwenye nyumba, kuna pampu yake, kuna kodi yake ya majengo na kuna shimo lake la choo. Ukihamia kwako rejesho linabaki vilevile na hivyo vyote vinakufuata juu yake.

Halafu kuna mkopo wenyewe. Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi na kitu ambacho wateja wengi hawakiulizi ni deni linapungua kwa kasi gani. Tuseme umekopa 100, iwe milioni au elfu haidhuru, riba asilimia 12 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, miaka 20. Kila mwezi utalipa kama 1.10. Mwezi wa kwanza katika hiyo 1.10, riba peke yake ni 1.00, kilichopunguza deni ni 0.10 tu. Ukifika miaka 5 umeshatoa kama 66, ukiuliza salio unaambiwa unadaiwa karibu 92. Hajakuibia mtu, hesabu ya riba ndo ilivyo. Mpaka umalize utakuwa umelipa kama 264. Sasa piga picha huo mwaka wa 5 ndo mambo yameharibika unataka kuuza, bei ya nyumba imeshuka asilimia 10, unaweza kuuza nyumba na ukabaki na deni. Ndo kilichowakuta mamilioni ya familia Marekani baada ya bei kuanza kushuka 2006 na mgogoro wa 2008, watu wanalipia nyumba ambayo deni lake ni kubwa kuliko bei yake.

Na uangalie kwenye mkataba kama riba inabadilika. Usidhani ni kitu cha mbali. Uingereza riba ya benki kuu ilikuwa asilimia 0.1 mpaka katikati ya Desemba 2021, Agosti 2023 ikawa 5.25, ndani ya miezi 20, na waliokuwa na mikopo inayofuata ile riba walipanda nayo. Kwenye ule mfano wangu, riba ikitoka 12 kwenda 15 mwanzoni mwa mkopo, ile 1.10 inakuwa karibu 1.32. Jiulize mshahara wako unaweza kubeba moja ya tano zaidi kwa taarifa ya barua moja? Kama jibu ni hapana basi kopa kidogo zaidi, au subiri uwe na mtaji mkubwa zaidi wa kuanzia.

zege_kavu

Mi ni fundi, nimejenga na nimebomoa, ngoja nichangie upande wangu maana naona mmegusa paa tu.

Nyumba nyingi ninazoitwa kurekebisha ugonjwa wake ni maji. Maji ya juu mmeshasema. Ya chini ndo yanasahaulika. Ukiona ukuta karibu na sakafu rangi inabanduka, kuna unga mweupe ukiugusa unabaki kidoleni, ile ni chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yakifika juu yanakauka yanaacha chumvi. Watu wanafanya nini, wanakwangua wanapaka rangi ya mafuta nzito ili izuie. Haizuii wakuu, maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, mwaka ujao unaikuta rangi inabanduka usawa wa kiuno. Kwanza toka nje uangalie. Mara nyingi mtu amemwaga kifusi au ameweka vitofali vya uani mpaka vimepita ile karatasi ya kuzuia unyevu iliyo juu ya msingi, au bustani imeegemea ukuta inamwagiliwa kila siku, au maji ya paa yanadondokea palepale ukutani kwa sababu gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa, limeziba. Kusafisha gata na kushusha udongo ni kazi ya siku moja.

Nondo. Zege likiwa jembamba juu ya nondo, au lilichanganywa na mchanga wa chumvi, nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara 2 mpaka 6, kwa hiyo inasukuma zege kwa ndani mpaka linapasuka na kudondoka. Utaona ufa umenyooka kufuata nondo, kwenye boriti au chini ya kibaraza, na michirizi ya kutu. Hapo usikubali fundi apake saruji juu akaondoka. Inatakiwa kuchimbua mpaka nyuma ya nondo, kusugua kutu yote, kupaka dawa, ndo ujaze. Ukifunika, kutu inaendelea ndani.

Nyufa sasa, maana huwa nikipigiwa simu mtu analia. Vinyufa vyembamba kama unywele kwenye lipu usikose usingizi, lipu ikikauka inasinyaa. Ufa unaoanza kwenye kona ya dirisha ukipanda mshazari, au unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, huo ufuatilie. Chukua penseli, weka alama mwisho wa ufa pande zote mbili, andika tarehe palepale ukutani, pima upana. Rudi baada ya miezi 3, na rudi tena msimu ukibadilika, kwa sababu udongo wa mfinyanzi unavimba kwa mvua unasinyaa kwa jua na nyumba inanyanyuka na kushuka nao. Ukiwa umetembea, au umefika milimita 5, au mlango ulokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, tafuta mhandisi na si fundi, nasema hivyo mimi nikiwa fundi.

Kingine ni shimo la choo. Watu wanasubiri lirudishe ndani ndo waite gari la kunyonya. Kwa choo chenye mashimo mawili, lile la kwanza linakusanya tope chini na mafuta juu, ukilinyonya kila miaka 3 hadi 5 linakaa vizuri. Ukichelewa lile tope linavuka kwenda kwenye shimo la kunyweshea maji, linaziba vitundu vya udongo, na udongo ukishaziba ni vigumu kuzibuka, mara nyingi unachimba shimo jipya. Kama una eneo la kuchimba.

Na bomba linalodondosha, tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Kuna la ndani ya ukuta ambalo hulioni. Usiku mmoja funga koki zote, soma mita, andika, lala, asubuhi kabla mtu hajanawa soma tena. Namba ikiwa imesogea una mwizi ndani ya ukuta.

mama_wa_kona

Naomba niongee kama mama maana haya mnayosema ya mafundi na benki ni kweli, ila kuna jingine. Sisi hela yetu yote ilikuwa kwenye nyumba. Yote. Tulijinyima miaka 11 na tulijivuna hatudaiwi na mtu. Halafu baba wa nyumba akaumwa, kazi ikasimama, na matibabu hayangoji. Nyumba huwezi kukata chumba kimoja ukauza upate hela ya mwezi huu. Tulitangaza kuuza, ikachukua miezi 14. Kila mnunuzi aliyekuja alikuja na mtu wake, na yule mtu anaenda moja kwa moja kwenye ule ukuta wa bafuni ambao tulikuwa tunasema tutautengeneza mwakani, anaugonga kwa kidole, anamnong'oneza mwenzake, bei inashuka. Ukuta ule tungeutengeneza mapema tusingepoteza kiasi kile. Na wao wanajua una shida, wanavuta siku.

Mume wangu yupo na amepona, namshukuru Mungu. Tunapanga sasa. Nikiona kijana anamalizia nyumba kwa senti yake ya mwisho, hajabakiza hata mahitaji ya miezi 3, naumia kwa ajili yake. Wanangu, bakizeni kitu nje ya ukuta. Na msitoe hati kumdhamini mtu kwa sababu tu amekuja na machozi, huyo ndugu akishindwa kulipa ni paa la watoto wenu linaondoka.

kona_ya_dari

Pole sana mama, shikamoo na ahsante kwa kutuambia.

Ila wakuu, bima je? Si ndo kazi yake? Mi nalipia bima ya nyumba kila mwaka, nilikuwa najua doa langu likifikia pabaya watalipa.

riba_na_salio

Kaka soma mkataba wako leo, usisubiri. Bima ya nyumba kwa kawaida inalipa kilichotokea ghafla, moto, bomba limepasuka, mti umeangukia paa. Kilichooza taratibu, kutu, mchwa, uchakavu, kwenye mikataba mingi vimeandikwa kabisa kwamba havimo. Doa la miaka miwili wataliita uchakavu. Mafuriko na tetemeko mara nyingi unatakiwa uvinunue pembeni. Na nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku zilizotajwa, mikataba mingi ni 30 au 60, ulinzi unapungua au unakatika, mtu anasafiri miezi 4 hajui kwamba hana bima.

Lakini kinachowaumiza wengi zaidi ni kukatia bima kiasi kidogo ili ada iwe ndogo. Tuseme kuijenga upya nyumba yako ni 100, wewe umekatia 60. Moto umekula jiko na sebule, hasara 40. Unafikiri utalipwa 40 maana haijavuka 60. Kama mkataba una kanuni ya uwiano watasema ulikatia asilimia 60 ya nyumba, kwa hiyo wanakulipa asilimia 60 ya hasara, yaani 24. Hizo 16 zako. Na gharama za ujenzi zinapanda kila mwaka, kwa hiyo kiasi ulichokatia miaka 6 iliyopita kikawa sahihi leo si sahihi tena.

Mleta uzi

Mama wa kona, shikamoo, nimesoma maneno yako mara mbili. Nimemsomea na mke wangu. Hilo la kubakiza kitu nje ya ukuta sikuwa nimeliandika na ndo lilitakiwa liwe la kwanza.

Dada mpangaji_bado, sikukatishi tamaa hata kidogo, mi nyumba yangu naipenda na nisingerudi kupanga. Ila fanya jaribio kabla ya kusaini. Kuanzia mwezi huu jilipe kama vile umeshahamia. Chukua rejesho, ongeza kodi ya majengo na ya ardhi ya hilo eneo, bima, na fungu la matengenezo kama nilivyoeleza juu, ondoa kodi ya pango unayolipa sasa, hiyo tofauti iweke akaunti ya pembeni kila mwezi kwa miezi 12 bila kuigusa. Ukiweza mwaka mzima, umeshajua unaibeba na una akiba ya kuanzia. Ukishindwa mwezi wa 4 umejua bila kupoteza kitu.

Na kwa kuwa ni nyumba iliyokwisha, nenda kuiona siku ya mvua au kesho yake. Chumba kimoja kikiwa na rangi mpya na vingine vya zamani, uliza kwa nini hicho. Omba upande darini na tochi, muuzaji akikataa basi umepata jibu. Pita nje kuzunguka msingi uangalie vijia vya udongo vyembamba kama penseli vinavyopanda ukutani, hiyo ni barabara ya mchwa, na dawa iliyowekwa kwenye udongo wakati wa kujenga haikai milele. Kabla hujatoa hata malipo ya awali nenda ofisi ya ardhi mwenyewe uhakikishe hati haina rehani wala zuio, usipewe nakala ukaridhika. Ulizia malimbikizo ya kodi na bili za maji, mengine yanafuata nyumba hata kama aliyeyafanya kashahama.

Kona_ya_dari kaka we usisubiri wikiendi. Panda leo kabla jua halijazama. Angalia mbele ya doa upande wa mwinuko wa paa, usiangalie juu yake tu.

mpangaji_bado

Nimefungua hiyo akaunti leo mchana. Nimeanza na tofauti ya mwezi huu, imenibana kweli na bado sijaweka kodi ya ardhi kwenye hesabu. Ndo nimejua ile nyumba ya kwanza niliyoipenda siiwezi kwa sasa. Naangalia ndogo yake.

kona_ya_dari

Wakuu nimerudi. Nimepanda na tochi ya simu. Kwenye bonde la paa pale mapaa mawili yanapokutana kumejaa majani na udongo, kuna hadi mche umeota. Chini yake ubao una weusi wa kama urefu wa mkono, unakuja mpaka karibu na doa, kama mita moja na nusu hivi. Nimechukua bisbisi nikasukuma sehemu 5 tofauti. Nne haijaingia, ubao mgumu. Ya tano, karibu kabisa na bonde, imeingia kama kucha ya kidole. Majani nimeyatoa yote, yamejaa ndoo mbili. Fundi anakuja kesho saa 2 asubuhi, nimemwambia aje na ubao mmoja.

zege_kavu

Kama imeingia kiasi cha kucha ya kidole tu, umewahi ndugu. Mwambie akate mpaka afike mbao nzima, asiupigie mwingine pembeni akaacha ule mbovu. Na pale bondeni afumue aangalie bati la bonde lenyewe kama lina vitundu kabla hajafunga. Tuletee majibu.